Skrubu Mbili za Mota

Siku ya fainali Mzee Rudia aliamka alfajiri. Kabla hajapiga mswaki alikuwa ameshakagua bomba la gesi mara mbili na mlango wa nyuma mara tatu. Gari dogo la rimoti la binti yake alilikagua mara moja tu, tena kwa macho, maana mwenyewe alikuwa amekaa palepale mezani anakunywa chai na hakuonyesha dalili ya kunyanyuka.

Jina la Rudia alipewa kwenye uwanja wa mashindano, wala halikumchukiza. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa lifti kwenye majengo ya ofisi, na kazi ya lifti ni kurudia. Unakaza nati asubuhi, mchana unarudi kuishika, unatia sahihi, kesho unaanza upya. Muda wote huo hakuna lifti yake iliyomdhuru mtu. Akastaafu na heshima zake, akakaa nyumbani, na haikupita miezi mitatu akawa amefungua na kufunga vitasa vyote vya nyumba, hadi viwili vikagoma kabisa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia apumzike, unamuua.

Hapo ndipo binti yake, mtoto wake wa pekee, mpimaji wa maabara ya hospitali, alipokuja na gari la rimoti. Msije mkadhani ni midoli ya watoto. Ni gari la mashindano, urefu wake kama kiatu kimoja na nusu cha mtu mzima, na likiachiwa kwenye zulia la uwanjani hulioni likipita, unaona rangi tu. Binti akawa dereva, baba akawa fundi. Kila Jumapili walikwenda pamoja kwenye ghala la zamani la karatasi ambako mashindano hufanyika, wakatandaza vifaa vyao kwenye meza ya mwisho karibu na ukuta, na mzee akawa mtu tena. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa anaisubiri Jumapili, na hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa tatizo lilikuwa mota. Mota ya gari hilo si kubwa, inajaa kiganjani, lakini inazunguka kwa kasi ya kutisha, inachemka, inatetema, na kinachoizuia isihame ni skrubu mbili tu zilizopita kwenye bamba la chuma. Meno ya gia yake ndogo yanauma meno ya gia kubwa ya plastiki, na nafasi iliyopo kati yao haizidi unene wa karatasi. Skrubu zikilegea hata kidogo, mota inasogea nyuma, meno yanakosana, na ile gia ya plastiki inanyolewa kipara. Gari linapiga kelele za kusikitisha na halisogei tena. Msimu ule lilikuwa limewatokea mara tatu, na mara zote tatu binti alikuwa anaongoza.

Mara ya tatu, wakiwa njiani kurudi nyumbani, binti hakufoka. Laiti angefoka. Alisema tu, macho barabarani:

"Baba, mota ikitoka tena, nitamwomba Fundi Saa anishikie gari."

Mzee akajibu sawa, mama, ni haki yako, na akacheka kidogo ili isionekane imemchoma. Ilimchoma sana. Huyo Fundi Saa alikuwa jirani yao wa meza, mtu wa kutengeneza saa, mpole wa kukera, ambaye hufunga skrubu mara moja kisha anatia mikono mfukoni na kuanza kusinzia. Mzee Rudia hakuelewa mtu anawezaje kusinzia karibu na kitu kinachozunguka. Na lililomuuma zaidi ni kwamba mota za Fundi Saa hazikuwahi kutoka.

Wiki tatu zilizobaki kabla ya fainali hakula akashiba. Alinunua skrubu mpya za chuma kigumu, akanunua chupa mpya ya ile gundi ya buluu inayotiwa kwenye nyuzi za skrubu ili zisifunguke kwa mtetemo, akasoma maandishi madogo ya kwenye chupa mpaka macho yakamtoka machozi. Alisafisha mafuta, akatia gundi, akakaza. Baada ya nusu saa akarudi kusikilizia kama imeshika. Akakaza kidogo. Baada ya saa moja akarudi tena. Kukaza si kosa, ndivyo alivyojua yeye. Nani amewahi kufukuzwa kazi kwa kukaza?

Safari hii binti alisema skrubu atazifunga mwenyewe. Alizifunga Jumamosi mchana, akatia gundi, halafu akatoa rangi yake nyekundu ya kucha na kuchora mstari mwembamba juu ya kila skrubu, ukaanzia kwenye kichwa cha skrubu na kuishia kwenye bamba. Mzee akauliza ule urembo ni wa nini. Binti akamweleza kwamba skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari utakatika, kwa hiyo hakuna haja ya kushika, unatazama tu. Mzee akalipenda sana jambo hilo. Alilisifu hadi kwa jirani wa chini.

Basi wakafika uwanjani asubuhi. Ghala lilikuwa limeshachangamka, nyaya za umeme zimetambaa chini ya meza, betri zinachajiwa, watu wanasalimiana bila kuinua macho kwenye kazi zao. Mchujo wa kwanza binti akashika nafasi ya pili. Wa pili akashika ya kwanza. Kila gari liliporudi, mzee alilipindua, akatazama mistari miwili myekundu, ikawa mizima, akashusha pumzi. Mota ilikuwa imekaa. Walikuwa wameingia fainali, na zilikuwa zimebaki saa mbili ianze.

Hapo wakaitwa madereva wote kwenda kusomewa kanuni za fainali upande wa pili wa ghala. Binti akamtazama baba yake kidogo, akaliweka gari katikati ya meza, akaenda.

Mzee akabaki na gari. Kwanza alikaa. Akapanga bisibisi kwa urefu. Akafuta meza, akaifuta tena. Akaitazama mistari, mizima. Lakini jicho ni jicho tu, alijiambia, jicho linadanganywa. Rangi inaweza kubaki na skrubu ikawa imelegea chini kwa chini, nani ajuaye? Kwenye lifti huwezi kumwambia mkaguzi kwamba ulitazama. Akapanga bisibisi upya, safari hii kwa unene. Alimwona Fundi Saa jirani yake, mikono mfukoni, kidevu kimegusa kifua, na akamchukia kwa dhati. Akachukua ule ufunguo mdogo wa pembe sita, akautia kwenye skrubu ya juu, akakaza robo. Robo tu. Ikakubali, na kule kukubali kukamtisha, kumbe ilikuwa na nafasi! Akakaza na ya chini. Kisha akatulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akarudisha ufunguo mahali pake.

Binti aliporudi hakuuliza kitu. Aliinama juu ya gari, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Halafu akamwita baba yake asogee, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Mistari yote miwili ilikuwa imekatika.

Mzee akawa wa kwanza kushtuka. Akasema si unaona, nilikwambia zinalegea, bahati nzuri nimewahi kuzikaza. Alisema kwa furaha kabisa, mnajua, kama mtu aliyezima moto.

"Gari halijasogea mezani, baba," binti akasema. "Nilipoondoka mistari ilikuwa mizima. Sikuichora ili nione kama mota inatembea. Niliichora ili nijue kama ni wewe."

Mzee akautazama ule ufunguo mdogo pale alipourudisha.

Binti akamweleza taratibu, kama anavyowaeleza wagonjwa majibu yao. Ile gundi inataka kuachwa. Inashika ikiwa imetulia, na ikishaanza kushika, ukiizungusha skrubu hata robo, umeivunja, na ikivunjika haishiki tena, inageuka unga. Kila ulipokwenda kusikilizia kama imeshika, ulikuwa unaifungua, baba. Mara ya kwanza nilidhani ni skrubu. Mara ya pili nikadhani ni gundi. Mara ya tatu nikakumbuka kwamba ulikuwa umeingia chumbani kwangu mara nne siku ile, na kila ukitoka unapiga mluzi.

Nawaambieni, mzee yule alitamani ardhi ipasuke. Mtu aliyekesha wiki tatu anamtafuta mwizi, kumbe mwizi ni yeye na funguo anazo mfukoni! Alijaribu kusema kitu kuhusu lifti, kwamba kule hakuna gundi, kuna nati na washa, ile pete ya chini yake, na nati unaishika kila siku ya Mungu. Fundi Saa, ambaye kumbe hakuwa amesinzia, akainuka kwa adabu na kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Binti hakupoteza muda kumlaumu. Alitoa zile skrubu, akazitupa, akachukua mpya kwenye pakiti, akasafisha nyuzi kwa spiriti, akatia gundi, akapima nafasi ya gia kwa kipande cha karatasi, akafunga. Akaazima kikaushio cha nywele ili joto liharakishe gundi. Akachora mistari mipya. Yote hayo aliyafanya haraka na kwa usahihi, na mzee aliyasimamia kwa mbali kidogo, mikono nyuma, akiona kwamba binti hakuhitaji kuelekezwa hata hatua moja.

"Bado saa moja na dakika kumi," binti akamwambia. "Inatosha kama hakuna atakayeigusa. Nakuomba, baba, usikae hapa mezani."

Kwa hiyo mzee akaondoka, kiguu na njia ndani ya ghala. Alikwenda kunawa mikono, akarudi, akaenda kunawa tena. Alikagua komeo la mlango wa dharura, likawa zima. Akaikuta meza ya watu asiowajua inayumba, akapiga magoti na kuikaza mguu bila kuulizwa, wenyewe wakamshukuru huku wanatazamana. Alihesabu taa za dari. Mara tatu alijikuta anaelekea kwenye meza yake na mara tatu akageuka, na safari ya tatu ilibidi ashike nguzo. Si utani, aliishika. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: mota ikitoka leo, imekwisha, na ikikaa, imekaa kwa sababu hakuwepo. Alijaribu kuchagua alitaka lipi kati ya hayo mawili, na akajionea haya kwa kuchelewa kujibu.

Mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba wanahitaji mwokotaji mmoja zaidi kwa ajili ya fainali. Uwanjani kule kuna desturi: gari likipinduka, dereva hashuki kwenye jukwaa anakosimama kuendesha kwa rimoti. Watu husimama kwenye kila kona ya njia, wamevaa vizibao vya rangi ya machungwa, na gari likipinduka karibu yao wanaliinua, wanaliweka juu ya magurudumu yake na kuliachia. Kawaida hufanywa na waliomaliza mbio zilizotangulia, lakini mmoja wao alikuwa ameteguka mguu. Mzee Rudia akanyoosha mkono kabla tangazo halijaisha. Angenyoosha mkono hata kama wangetaka mtu wa kubeba ghala.

Akapewa kizibao, akapewa kona ya nne, palipo na tuta dogo na mrija wa plastiki uliowekwa kama ukingo. Mwenye kipaza sauti akamkumbusha kanuni, maana alimfahamu: unainua, unaweka, unaachia. Hutengenezi kitu, mzee. Mzee akasema ameelewa, na alikuwa ameelewa kweli.

Fainali ni dakika tano. Magari kumi yakaachiwa, na ghala zima likajaa mlio mmoja mkali wa mota. Gari la binti lilikuwa la njano. Mzunguko wa kwanza lilipita kona ya nne likiwa la tatu, kisha la pili, na dakika ya pili haijaisha likawa mbele. Mzee alisimama amekunja magoti, jasho linamtoka, masikio yote kwenye mota moja kati ya kumi. Aliujua mlio wake. Ulikuwa safi. Kila lilipopita alisikia ni safi, na kila lilipotoka kwenye upeo wa macho yake akaanza kuwa na wasiwasi upya. Gari jekundu lilikuwa linalifuata, nyuma kwa kona moja.

Dakika ya nne, binti akaingia kona ya nne kwa kasi zaidi kidogo. Gurudumu la mbele likapanda mrija, gari likaruka, likabiringita mara mbili na kutua chali miguuni pa baba yake.

Hakuna mwokotaji aliyewahi kufika haraka vile. Kabla gari halijaacha kuteleza mzee alikuwa ameshalidaka. Lile jekundu lilikuwa bado halijafika kwenye kona, na kama angeliweka chini papo hapo, binti angeondoka bado anaongoza. Watu waliokuwa karibu wote wanasema hivyo, na mimi sina sababu ya kubisha.

Lakini gari lilikuwa mkononi mwake. Lilikuwa la moto. Nyuma, pale ganda la gari lilipokatwa ili mota ipate hewa, kidole gumba chake kilikuwa kimekaa sawasawa juu ya skrubu. Hakukituma. Kilikwenda chenyewe, kikabonyeza, na macho yakafuata. Skrubu ilikuwa imeshika kama imeota pale. Mstari mwekundu ulikuwa mzima. Alifurahi, jamani, kwa muda huo mdogo alifurahi kupita kiasi, mwanawe alikuwa amefunga kitu kikafungika. Halafu akasikia gari jekundu likimpita miguuni.

Akaliweka la njano chini, akaachia.

Binti alilikimbiza lile jekundu kwa dakika nzima iliyobaki kwa namna ambayo watu waliacha kuzungumza. Alipunguza hatua nne zikawa mbili, mbili zikawa moja. Kengele ilipolia alikuwa nyuma kwa chini ya sekunde. Mota haikutoka. Ingeweza kwenda mbio nyingine kumi.

Mzee Rudia alivua kizibao, akakikunja, akakikunjua, akakikunja vizuri zaidi. Alifikiria kupitia mlango wa dharura ambao alijua komeo lake ni zima. Akapiga moyo konde na kwenda mezani. Binti alikuwa ameshampa mkono dereva wa gari jekundu na sasa anakunja nyaya. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na mzee alijua kwamba binti huyu alitaka kushinda, si kwa ajili ya kumfurahisha mtu, alitaka tu, kama watu wanavyotaka vitu vyao.

"Niliishika," mzee akasema. Hakuingiza habari za lifti wala nini.

"Nilikuona. Kutoka jukwaani kila kitu kinaonekana."

"Ilikuwa imekaza sana, mama."

"Najua. Niliikaza mimi."

Wakafungasha. Binti alifunga sanduku la vifaa mwenyewe, na alipokuwa anapita karibu na meza ya jirani, alisimama akazungumza na Fundi Saa kwa sauti ya chini, na Fundi Saa akatoa mikono mfukoni na kuitikia kwa kichwa. Mzee aliona. Hakuhitaji kusikia. Alilibeba sanduku mpaka kwenye gari, akalipakia, akafunga buti, na mkono ukamrudi kwenye buti ili kulijaribu. Akauzuia. Akauingiza mfukoni, na mfukoni ukawa unahangaika.

Walikaa garini bila kuwasha injini. Watu wengine walikuwa wanapita na masanduku yao wakiagana.

"Jumapili ijayo saa mbili," binti akasema. "Tutatoka pamoja."

Mzee akatazama mbele. Alitaka kusema sawa kama alivyozoea, na kucheka kidogo, lakini safari hii kicheko hakikuja.

"Nije nikiwa nani?" akauliza.

Binti akageuka akamtazama, na ilionekana swali lenyewe limemshangaza, tena limemuudhi.

"Baba yangu," akasema. "Fundi nimeshampata."

Akawasha gari. Mzee Rudia alishika mkanda wake, akaufunga, ukalia tik, akauacha.